Mwanya Kati ya Maboksi Mawili Una Mwenyewe

Wasee, leo siongei siasa wala mpira. Naongea kuhusu kitu ambacho hakuna mtu hukipiga picha: ile nafasi tupu kati ya boksi moja na lingine kwenye mkanda unaotembea. Mimi naiita mwanya. Najua kuna mtu tayari anasema, enyewe huyu ameishiwa na mada. Ngoja kwanza. Mwanya huo ulishawahi kugomesha viwanda vikubwa, ukachangia uwanja mzima wa ndege kuchelewa kufunguliwa, na huenda ndio utaamua siku yako ya kazi itakuwaje ukipata kazi godauni, iwe ni hapa Nairobi au huko Dubai ambako nusu ya marafiki zetu wanataka kwenda.

Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema usinichoke. Mwanya kati ya maboksi mawili si hewa tu. Ni muda wa mtu. Kila mahali mkanda ulipofika, swali kubwa limekuwa ni nani anashikilia huo muda. Sisi vijana wa Kenya tunabishana sana kama mashine zitatuibia kazi. Hilo ni swali, sawa. Lakini historia inaonyesha kuna lingine linalotangulia: kazi ikibaki, mwendo wake utapangwa na nani?

Anza na supamaketi

Ukienda supamaketi kubwa, angalia mkanda wa pale kwa keshia. Unaweka unga, maziwa, sabuni. Mkanda unasonga kidogo halafu unasimama wenyewe. Hakuna mtu amebonyeza kitu. Ukiinama uangalie pembeni, karibu na mkono wa keshia, utaona kitu kama kijishimo. Hilo ni jicho la umeme. Mwale wa mwanga unavuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na pakiti ya unga ikiukata, mota inazima. Keshia akiinua unga, mwale unapita tena na mkanda unasonga.

Sasa shika hili: kwenye mkanda huo, mwenye mwendo ni mkono wa keshia. Akisimama kutafuta chenji, mkanda unamngoja. Si mikanda yote ina adabu hiyo.

Kinu cha unga cha mtu mmoja

Turudi nyuma zaidi ya miaka 200, Marekani, jimbo la Delaware. Kuna jamaa anaitwa Oliver Evans. Siku hizo kusaga unga kulikuwa kazi ya mgongo. Mtu anabeba gunia la ngano anapanda ngazi, nafaka inamwagwa, inasagwa, unga unapandishwa tena juu upoe, unasambazwa kwa reki, unashushwa. Miaka ya 1780, Evans akatengeneza kinu ambacho kilifanya yote hayo chenyewe kwa nguvu ya maji. Mwaka 1790 akapewa hataza, moja ya zile za kwanza kabisa kutolewa na serikali ya Marekani.

Siri yake moja ilikuwa vikombe vilivyofungwa kwenye mkanda unaopanda juu na kushuka. Kikombe, nafasi, kikombe, nafasi. Kila kikombe kinachota kiasi chake na kumwaga juu kwa zamu. Mwanya ulikuwa umeshonwa ndani ya mashine yenyewe. Haubadiliki mpaka ufumue mkanda.

Nafaka haina shida na hilo. Punje ya ngano haichoki wala haiombi ruhusa ya kwenda choo. Shida ilianza pale mtu alipowekwa pembeni ya mkanda.

Kutoka kwa nyama hadi kwa gari

Chicago, karne ya 19. Machinjio makubwa ya pale yalikuwa yakining'iniza mizoga kwenye reli ya juu. Ng'ombe amening'inia, anapita mbele ya wafanyakazi, huyu anakata hapa, yule anakata pale, mzoga unaenda kwa anayefuata. Kazi ya buchari mmoja mwenye ujuzi ilikatwa vipande kama ng'ombe mwenyewe. Kitabu cha Upton Sinclair cha mwaka 1906 kuhusu machinjio hayo kiliwatisha Wamarekani mpaka mwaka huohuo sheria ya ukaguzi wa nyama ikapitishwa. Sinclair alitaka wasomaji wawaonee huruma wafanyakazi. Wao wakaogopea matumbo yao. Hiyo ni habari ya siku nyingine.

Henry Ford aliandika baadaye kwamba wazo la kiwanda chake lilitokana kwa namna fulani na reli za machinjio ya Chicago. Tarehe 1 Aprili 1913, kwenye kiwanda chake cha Highland Park, Michigan, wakajaribu jambo jipya kwenye kifaa kidogo cha injini kinachoitwa magineto. Kabla ya hapo mtu mmoja alikuwa anaunganisha kifaa kizima peke yake, karibu dakika 20 kwa kila kimoja. Wakagawanya kazi hiyo kwa watu 29 waliosimama kwa mstari. Muda ukashuka hadi dakika 13 na sekunde 10.

Lakini angalia kilichofuata, maana ndio moyo wa stori yetu. Mwanzoni wafanyakazi walikuwa wanasukuma kazi kwa mkono kumpa jirani. Mwenye kasi anarundika, mwenye pole anazidiwa. Ndipo wakaweka mnyororo unaovuta kazi kwa mwendo mmoja. Wakainua pia meza juu kidogo ili watu wasiiname. Mwaka 1914, watu 14 walikuwa wanatoa magineto 1,335 kwa saa 8. Piga hesabu: ni kama dakika 5 za mtu kwa kila moja. Kutoka 20 hadi 5.

Mnyororo ule ulimharakisha aliyekuwa pole na kumshika aliyekuwa na kasi. Mwanya kati ya kazi na kazi, ambao hapo awali ulikuwa unapangwa na watu wawili wanaopokezana, sasa ulipangwa na aliyeweka mota. Walipofanya vivyo hivyo kwa fremu ya gari, muda wa kuiunganisha ukatoka zaidi ya saa 12 hadi saa moja na dakika 33.

Wafanyakazi walifanya nini? Waliondoka. Mwaka 1913 kiwanda chenye watu kama 14,000 kililazimika kuajiri zaidi ya 50,000 ili tu nafasi zisibaki wazi. Watu walikuwa wanaingia, wanaona mkanda, wanajitoa. Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku ya saa 8, zaidi ya mara mbili ya malipo ya kawaida pale. Watu husimulia dola 5 hizo kama roho nzuri ya tajiri. Mimi nazisoma kama bei. Ndiyo bei ya kumfanya binadamu akubali kuishi ndani ya mwanya wa mtu mwingine.

Tulicheka, lakini

Mwaka 1936 Charlie Chaplin akatoa filamu ya Modern Times. Anakaza nati kwenye mkanda, mkanda unaongezwa kasi, mpaka anaingia ndani ya mashine. Mwaka 1952, kwenye kipindi cha televisheni cha I Love Lucy, Lucy na rafiki yake wanafunga chokoleti kwenye mkanda. Mwanzo wako fiti. Halafu zinaanza kuja zikifuatana, wanaanza kuzificha mdomoni, kwenye kofia, ndani ya nguo. Msimamizi anaingia, anaona mkanda uko safi, anadhani wanaweza, anaagiza kasi iongezwe. Klipu hiyo bado inazunguka mitandaoni hadi leo, labda ushaiona.

Inachekesha kwa sababu ni kweli. Aliyezidiwa anaficha kuzidiwa kwake, na kule kuficha kunatumika kama ushahidi kwamba anaweza zaidi.

Wengine hawakucheka. Tarehe 30 Desemba 1936, wafanyakazi wa General Motors mjini Flint, Michigan, walikaa ndani ya viwanda wakakataa kutoka. Walikaa siku 44. Moja ya malalamiko makubwa ilikuwa kasi ya mkanda. Februari 1937 kampuni ikakubali kukaa meza moja na chama chao. Miaka 35 baadaye, Lordstown, Ohio, kampuni hiyohiyo ilikuwa na kiwanda kilichopangwa kutoa magari 100 kwa saa. Hiyo ni sekunde 36 kwa gari, wakati kawaida ilikuwa karibu dakika nzima. Wafanyakazi wengi walikuwa vijana wa miaka ya 20, nywele ndefu, hawataki mchezo. Machi 1972 waligoma kwa wiki 3. Magazeti yakashangaa mbona vijana wenye mshahara mzuri wanagoma. Msee, hawakuwa wanadai pesa peke yake. Walidai zile sekunde 24 walizonyang'anywa kwa kila gari.

Jicho likapewa akili

Hapa ndipo tunafika kwenye zama zetu. Tarehe 26 Juni 1974, kwenye supamaketi moja mjini Troy, Ohio, pakiti ya chingamu ya Wrigley's ikawa bidhaa ya kwanza kusomwa na mashine dukani kwa kutumia msimbopau, ile mistari myeusi na myeupe iliyo nyuma ya pakiti ya biskuti. Mistari ilipofika kwenye maboksi ya maghala, boksi likaweza kujitambulisha njiani: mimi ni nani, naenda wapi.

Lakini mashine inayosoma ina shida moja. Maboksi mawili yakigusana, inaweza kudhani ni moja. La Mombasa linasukumwa pamoja na la Kisumu, na huko mwisho mtu anapokea viatu badala ya simu. Kwa hiyo kabla ya kusomwa, lazima maboksi yatenganishwe. Lazima kuwe na mwanya, na mwanya huo lazima ujulikane.

Njia rahisi ni hesabu ya shule ya msingi. Chukua mkanda wa kwanza unaokwenda sentimita 50 kwa sekunde, umejaa maboksi ya sentimita 40 yanayogusana. Uunganishe na mkanda wa pili unaokwenda sentimita 75 kwa sekunde. Boksi likiingia wa pili, linalolifuata litaingia baada ya sekunde 0.8. Kwa muda huo la mbele limeshakwenda sentimita 60. Toa urefu wa boksi, umebaki na mwanya wa sentimita 20. Hakuna mtu amegusa kitu. Tofauti ya kasi peke yake imezaa nafasi.

Maisha ya kweli ni magumu kidogo. Boksi moja refu, lingine fupi, moja limechelewa, matatu yamekuja yakiwa yameshikana. Ndio maana maghala ya leo hutumia vipande vifupi vya mkanda, kila kimoja na mota yake. Jicho la umeme linaona pua ya boksi inapoingia na mkia unapotoka, kompyuta inajua urefu na mwanya, kisha inakiambia kipande kinachofuata kiongeze au kipunguze kasi. Kuna pia rola zilizogawanywa kwa sehemu, na kila sehemu ina jicho lake. Boksi haliruhusiwi kusonga mpaka sehemu ya mbele iwe tupu. Ni kama foleni ya benki yenye watu wastaarabu: hakuna kusukumana, hakuna kupumuliana kisogoni.

Ukiangalia video ya ghala kama hilo inapendeza, sikatai. Lakini twende kwenye hesabu nyingine, na hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuseme mkanda unakwenda mita 2 kwa sekunde. Maboksi ni ya sentimita 40 na mwanya ni sentimita 60. Yanapita maboksi 2 kwa sekunde, yaani 7,200 kwa saa. Sasa mtu akae ofisini, abadilishe namba moja kwenye programu, mwanya uwe sentimita 40. Yanapita maboksi 2.5 kwa sekunde. Hiyo ni 9,000 kwa saa. Mkanda haujaongezwa kasi hata kidogo! Lakini kama kule mwisho kuna milango 30 ya kupakia, na kila mlango una mtu mmoja, huyo mtu alikuwa anapata boksi kila sekunde 15. Sasa anapata kila sekunde 12.

Chaplin aliona mkanda ukikimbia. Vijana wa Lordstown waliweza kushika saa wakahesabu magari. Leo kasi inaweza kujificha ndani ya mwanya. Mkanda unasikika vilevile, unaonekana vilevile, na wewe jioni unashangaa mbona mabega yanauma kuliko jana.

Denver walijaribu

Kuna watakaosema, basi si tuachie kompyuta kila kitu, binadamu atoke kabisa. Walijaribu Denver, Marekani. Uwanja mpya wa ndege wa pale ulipangiwa mfumo wa mizigo ambao vigari vinavyojiendesha vingebeba masanduku kwenye reli chini ya ardhi. Ulitakiwa kufunguliwa mwishoni mwa 1993. Mwaka 1994 waandishi wa habari wakaalikwa kuona mfumo ukifanya kazi. Wakaona masanduku yanarushwa na nguo zinamwagika. Uwanja ulifunguliwa tarehe 28 Februari 1995, miezi 16 baada ya tarehe iliyopangwa. Mfumo ulipunguzwa ukubwa sana, na mwaka 2005 ukaachwa kabisa.

Moja ya matatizo lilikuwa hili hili letu: kuhakikisha kigari kitupu kinafika mahali sahihi kwa wakati sahihi, foleni moja isimeze vigari vyote na nyingine ikakosa. Kupanga nafasi kwenye mstari mmoja ni rahisi. Mistari mingi ikikutana kwenye makutano, unapata kitu kama mzunguko wa barabara wa Nairobi saa 12 jioni bila askari.

Mkanda wenye heshima

Sitaki uondoke ukidhani mimi napinga mikanda. Mwaka 1958 kule Osaka, Japani, bwana Yoshiaki Shiraishi alikuwa na mkahawa wa sushi na hakuwa na wahudumu wa kutosha. Aliona chupa za bia zikitembea kwenye mkanda wa kiwanda, akasema, mbona sahani zisitembee hivyo? Ndio mwanzo wa mikahawa ya sushi inayozunguka. Mwendo alioufikia husemwa kuwa sentimita 8 kwa sekunde. Si kasi ya mashine. Ni kasi ya jicho la mtu anayechagua chakula na mkono unaochukua sahani bila kumwaga. Alianza na binadamu, akafuatisha mkanda.

Japani hiyohiyo, Taiichi Ohno wa Toyota alijenga mfumo ambao mfanyakazi wa kawaida kwenye mstari anaweza kuvuta kamba akiona kasoro, na mstari usimame. Usinielewe vibaya, Toyota si mbinguni, na kazi ya pale ni ngumu. Lakini fikiria tofauti. Kamba iko mkononi mwa anayeguswa na mwendo.

Na huko Marekani, California ilipitisha sheria inayofanya kazi tangu tarehe 1 Januari 2022. Maghala makubwa lazima yamweleze mfanyakazi kwa maandishi anatarajiwa kufanya kazi kiasi gani kwa muda gani, na kiasi hicho kisimnyime muda wa chakula, mapumziko au choo. Sheria nzima imeandikwa kulinda mwanya!

Sisi je?

Jamaa yangu mmoja alifanya kibarua miezi 3 kwenye kiwanda kimoja hapa Industrial Area, kazi yake ikiwa kupanga pakiti kwenye katoni. Nilimuuliza kazi ni ngumu aje. Akaniambia kila pakiti ni nyepesi, hata mtoto angeinua. "Shida ni hakuna katikati," akasema. "Pakiti, pakiti, pakiti. Ukipiga chafya, umeachwa." Hakuwahi kuambiwa ni pakiti ngapi kwa dakika. Aliambiwa tu akishindwa kuna wengine getini. Na kweli walikuwako, kila asubuhi, kuanzia saa 11.

Hao wa getini ndio wanafanya mwanya wetu uwe bei rahisi. Ford alilazimika kulipa dola 5 kwa sababu watu waliweza kuondoka. Mahali ambapo watu 100 wanangojea nafasi 10, mwenye mkanda halazimiki kununua chochote. Kwa hiyo mtu akiniambia tushukuru tu tumepata kazi, namwelewa, njaa haina hesabu. Lakini kushukuru hakuzuii kuuliza.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya mazingira ya kazi yanayofaa, haki ya kujiunga na chama, na haki ya kugoma. Kwangu mimi, mwendo wa kazi ni sehemu ya hayo mazingira, sawa na mwanga, hewa na maji ya kunywa. Hakuna mtu anakubali kuingia kiwandani kusikokuwa na mlango wa dharura. Mbona tukubali kuingia mahali ambapo hatujui ni vitu vingapi vitapita mbele yetu kwa dakika, na ni nani anaweza kubadilisha hiyo namba bila kutuambia?

Kwa hivyo wewe unayetafuta kazi ya godauni, au unayesaini mkataba wa kwenda kupakia bidhaa Ghuba, uliza mshahara, ndio. Uliza na chumba na chakula. Halafu uliza swali la tatu: ni vingapi kwa saa, na nikizidiwa nani anasimamisha mkanda? Na wewe unayesomea uhandisi au kuandika programu, siku moja utakaa mbele ya skrini yenye sehemu ndogo ya kujaza namba, na namba hiyo itakuwa sentimita. Kabla hujaipunguza kutoka 60 hadi 40, shuka chini ukasimame kule mwisho wa mkanda kwa saa moja. Lete na glavu zako.